Picha ya Rosa Parks na Simu ya Mwanafunzi: Historia ya Haki za Kiraia Inavyoweza Kufundishwa kwa Mitandao ya Kijamii

Ipo picha moja inayozunguka kila mwaka katika simu za watu wengi ulimwenguni. Mwanamke mweusi, amevaa koti na kofia, ameketi kando ya dirisha la basi anatazama nje. Nyuma yake ameketi mwanamume mzungu mwenye uso mkavu. Maelezo yanayoandamana na picha hiyo aghalabu husema kwamba hii ndiyo siku Rosa Parks alipokataa kumpisha mzungu kiti mjini Montgomery, jimbo la Alabama, nchini Marekani.

Maelezo hayo si sahihi. Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955. Picha hiyo ilipigwa tarehe 21 Desemba 1956, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, siku ambayo mabasi ya Montgomery yalianza kubeba abiria bila ya kuwatenga kwa rangi. Na yule mzungu hakuwa abiria aliyenyimwa kiti. Alikuwa mwandishi wa habari aliyeketi pale ili picha ipatikane.

Picha ya pili, nayo mashuhuri, yamwonyesha Rosa Parks akichukuliwa alama za vidole na afisa wa polisi. Hii pia husambazwa kama picha ya jioni ile ya Desemba. Kwa hakika ilipigwa tarehe 22 Februari 1956, alipokamatwa kwa mara ya pili pamoja na viongozi wengine wa mgomo wa kususia mabasi.

Mtu aweza kuuliza: kuna tofauti gani, maadamu mwanamke ni yuleyule na dhuluma ni ileile? Tofauti ipo, na ni kubwa. Anayeamini kwamba picha hizo ni za jioni moja huamini pia kwamba haki ilipatikana kwa jioni moja, kwa ushujaa wa mtu mmoja aliyechoka miguu. Anayezijua tarehe zake huuona mwaka mzima uliopita katikati: siku 381 za watu kwenda kazini kwa miguu, kukodi teksi kwa pamoja, kukamatwa, kushtakiwa na kungoja hukumu ya Mahakama ya Juu. Picha ya kwanza yenyewe ni picha ya ushindi baada ya mwaka huo, wala si ya mwanzo wa safari.

Hapo ndipo lilipo somo tunalotaka kulizungumza juma hili. Baadhi ya walimu wa historia nchini Marekani wamekuwa wakiwapa wanafunzi wao kazi ya kuieleza historia ya kupigania haki za kiraia kwa njia ya mitandao ya kijamii: kutengeneza ukurasa, kuandika jumbe fupi zenye tarehe, kurekodi video ya dakika mbili au tatu, kupanga picha na maelezo yake. Wazazi wengi hustuka wanaposikia habari hii. Simu, wasema, ndiyo inayowala watoto wetu. Vipi basi iwe mwalimu wao? Hofu hiyo ina haki yake. Lakini yategemea mwanafunzi ametakiwa kufanya nini kabla ya kukibonyeza kile kitufe cha kutuma.

Vikaratasi vya usiku mmoja

Kwanza, na tukumbuke kwamba vuguvugu lenyewe lilisimama juu ya vyombo vya mawasiliano vya wakati wake. Usiku ule Rosa Parks alipokamatwa, mwalimu mmoja wa chuo cha watu weusi cha Alabama State, Bi Jo Ann Robinson, hakulala. Alikwenda chuoni pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakatumia mashine ya kunakilia kutoa makumi ya maelfu ya vikaratasi vilivyowataka watu weusi wasipande mabasi siku ya Jumatatu. Asubuhi yake vikaratasi vilikwishaanza kupita mkono kwa mkono, katika shule, maduka na vinyozi. Jumatatu ilipofika, mabasi yalipita matupu.

Mwanafunzi wa leo anayebeba simu mfukoni huielewa habari hii upesi, kwa kuwa anajua maana ya ujumbe kuenea mji mzima kwa siku moja. Asichokijua ni kwamba Bi Robinson na wanawake wenzake wa Baraza la Kisiasa la Wanawake walikuwa wameufikiria mgomo huo kwa muda mrefu. Mwaka 1954 alikuwa amekwishamwandikia meya wa Montgomery kumwonya kwamba abiria weusi wangeweza kuyasusia mabasi. Kikaratasi kilienea kwa usiku mmoja kwa sababu maandalizi yalichukua miaka. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi aandike jumbe za usiku ule amtake pia aandike ujumbe wa mwaka uliotangulia, asije akadhani kwamba kusambaza habari pekee kunatosha kubadilisha sheria.

Waliokuwa na umri wa wanafunzi wetu

Faida ya pili ni kwamba kazi hizi humfanya kijana akutane na watu wa rika lake. Vitabu vya shule hutaja majina makubwa machache, Martin Luther King akiwa wa kwanza. Lakini anayetafuta habari za siku moja moja hukuta majina mengine.

Humkuta Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, aliyekataa kutoka kitini ndani ya basi la Montgomery tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks. Alikamatwa akapelekwa jela. Msichana huyo ndiye aliyesimama mahakamani mwaka 1956, akiwa mmoja wa wanawake wanne walioshtaki, katika kesi iliyoufuta ubaguzi wa mabasi mjini humo. Ilichukua hadi mwaka 2021 kwa hakimu kuamuru kumbukumbu za kukamatwa kwake zifutwe.

Humkuta pia Barbara Johns, msichana wa miaka 16 aliyesoma katika shule ya watu weusi ya Moton, mjini Farmville, jimbo la Virginia. Shule ile ilijaa kupita kiasi, na baadhi ya madarasa yalikuwa vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Tarehe 23 Aprili 1951 Barbara aliwakusanya wanafunzi wenzake ukumbini, wazee na walimu wasijue, akawaongoza kugoma. Waliotoka walikuwa zaidi ya 400. Wanasheria wa chama cha NAACP walipokuja kuwasikiliza, waliwaambia kwamba hawatadai jengo jipya la kibaguzi, bali watadai kuondolewa kwa ubaguzi wenyewe. Kesi ya Farmville ikaunganishwa na nyingine nne, na mwaka 1954 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba.

Wakili aliyeongoza hoja za kesi hizo aliitwa Thurgood Marshall. Ndugu msomaji, jina hilo si geni kabisa kwetu. Mapema mwaka 1960, wajumbe wa Kiafrika kutoka Kenya walipokwenda London kwa mkutano wa katiba wa Lancaster House, Marshall ndiye aliyekuwa mshauri wao wa sheria, na ndiye aliyeandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya nchi yetu iliyokuwa ikielekea kwenye uhuru. Mwanafunzi wa Mombasa au Lamu akiufuata uzi huu kutoka ukumbi wa shule ya Farmville hadi London, ataona kwamba mgomo wa wanafunzi wa kijijini Virginia hauko mbali sana na nyumbani kwake.

Uzi mwingine ni ule wa Malcolm X, ambaye baada ya hija yake ya mwaka 1964 alijulikana pia kwa jina la El-Hajj Malik El-Shabazz. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alikuwa Nairobi, na katika hoteli ya New Stanley akakutana bila ya miadi na vijana wawili wa chama cha wanafunzi cha SNCC waliokuwa wakizuru Afrika. Mmoja wao alikuwa John Lewis, kijana aliyepigwa na kufungwa mara kadhaa kwa ajili ya haki za kiraia, na ambaye baadaye aliketi katika bunge la Marekani kwa zaidi ya miaka 30. Watu waliotofautiana juu ya njia ya kuipigania haki walikaa wakazungumza katika mji mkuu wa Kenya. Hiyo ni mada ambayo mwanafunzi wetu aweza kuiandikia jumbe kumi asimalize.

Mifano miwili ya kazi iliyofanywa

Mwaka 1961, kuanzia tarehe 4 Mei, watu 13, weusi kwa weupe, walipanda mabasi mjini Washington wakielekea New Orleans, ili kuona kama hukumu za mahakama zilizokataza ubaguzi katika safari za kutoka jimbo hadi jimbo zinatekelezwa. Karibu na Anniston, Alabama, basi moja lilichomwa moto. Mjini Birmingham wasafiri walipigwa. Safari ilipoelekea kukatika, wanafunzi wa Nashville wakiongozwa na binti aitwaye Diane Nash waliamua kuiendeleza. Baadhi yao waliandika wasia kabla ya kuondoka. Hadi mwisho wa msimu ule, zaidi ya watu 400 walikuwa wameshiriki, na wengi wao walifungwa gerezani Mississippi.

Mei 2011, miaka 50 baadaye, wanafunzi 40 wa vyuo vikuu walipanda basi kuifuata njia ile ile kutoka Washington hadi New Orleans, wakiwa pamoja na baadhi ya wale waliosafiri mwaka 1961. Safari hiyo iliandaliwa wakati wa kutolewa kwa filamu ya kihistoria juu ya tukio hilo katika televisheni ya umma. Kila walipofika, wanafunzi walitumia mitandao ya kijamii kuwasimulia wenzao waliobaki nyumbani waliyoyaona na waliyoyasikia. Siri ya kazi hiyo haikuwa mtandao. Ilikuwa ni kuketi kiti kimoja na mzee aliyekuwapo, kumsikiliza, kisha kupima ni maneno gani yapelekwe kwa watu na kwa namna gani.

Mfano wa pili watoka Hightstown, jimbo la New Jersey. Wanafunzi wa sekondari, katika somo lao la serikali, waligundua kwamba nyaraka nyingi za uchunguzi wa mauaji ya enzi ya haki za kiraia zilikuwa bado zimefungwa, au zilitolewa zikiwa zimefutwafutwa kwa wino mweusi. Wakisaidiwa na mwalimu wao, waliandika rasimu ya sheria. Wakaitetea kwa miaka kadhaa, darasa moja likilipokeza lingine: kwa barua, kwa simu, kwa mitandao ya kijamii, na kwa kwenda wenyewe Washington. Wabunge wa vyama vyote viwili wakaipokea. Ikapita, na Januari 2019 ikatiwa sahihi kuwa sheria ya nchi, inayotaka nyaraka hizo zikusanywe katika hifadhi ya taifa na kufunguliwa kwa umma. Walioanza kama wanafunzi wa historia waliishia kuwafungulia mlango wanahistoria.

Mahali pa hatari

Kusifu pasipo kuonya si uungwana. Kazi hizi zina mitego, na mzazi na mwalimu wafaa kuijua.

Mtego wa kwanza ni kusema kwa kinywa cha aliyekufa. Walimu wengine huwaambia wanafunzi wafungue ukurasa kwa jina la Rosa Parks au la Martin Luther King na waandike kana kwamba wao ndio yeye. Mchezo huo huvutia, lakini huzaa maneno ambayo mwenyewe hakuyasema. Maneno hayo yakishatoka darasani hayarudi, na kesho mtu mwingine atayasambaza kama kauli ya kweli. Maji yakimwagika hayazoleki. Afadhali mwanafunzi aandike kwa sauti yake mwenyewe: leo tarehe fulani mwaka fulani, fulani alifanya hivi, na ushahidi ni huu.

Mtego wa pili ni picha za waliouawa. Agosti 1955 mvulana wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili Mississippi. Mama yake, Mamie Till, ndiye aliyeamua jeneza liachwe wazi mjini Chicago, na picha ichapishwe katika magazeti ya watu weusi, ili ulimwengu uone alichotendewa mwanawe. Uamuzi ule ulikuwa wake, kwa sababu aliyoijua. Mwanafunzi anayeizungumza picha ile lazima kwanza amzungumze mama huyo. Na akiisha kulielewa hilo, atajiuliza juu ya picha za ajali na za maiti zinazopita kila siku katika makundi yetu ya WhatsApp: mama wa huyu alitoa idhini?

Mtego wa tatu ni kuiamini picha kwa kuwa inagusa moyo. Tarehe 4 Mei 1963 gazeti la New York Times lilichapisha katika ukurasa wa mbele picha ya kijana mweusi akirukiwa na mbwa wa polisi mjini Birmingham. Ni moja ya picha zilizoitikisa Marekani. Wengi huiona kama picha ya mwandamanaji asiyeogopa. Kijana yule hakuwa mwandamanaji. Alikuwa amekuja kutazama. Jambo hilo haliupunguzi ukatili wa polisi hata chembe, pengine hata huuzidisha. Lakini lahitaji maelezo tofauti na yale yanayosambazwa, na kuyatafuta maelezo hayo ndiyo kazi yenyewe.

Birmingham ina swali lingine linalomhusu kila mzazi. Walioandamana tarehe 2 Mei 1963 walikuwa watoto, zaidi ya elfu moja, waliotoroka madarasani. Watangazaji wa redio za watu weusi waliwapa ishara kwa maneno ya mafumbo. Siku iliyofuata walipigwa maji ya nguvu na kutishwa kwa mbwa. Martin Luther King mwenyewe alisita kabla ya kukubali watoto watumike, na Malcolm X aliulaumu uamuzi huo hadharani. Je, ilikuwa halali kuwapeleka watoto mbele ya polisi? Ukurasa wa mtandaoni unaoonyesha ushujaa tu bila ya swali hili haujaifundisha historia.

Darasani mwetu

Mtaala wetu wa umilisi wautaja ujuzi wa kidijitali na uraia miongoni mwa umilisi wa msingi ambao kila mwanafunzi apaswa kuupata. Kazi za namna hii zafaa kuyaunganisha hayo mawili, wala si lazima kila mtoto awe na simu. Shule nyingi haziruhusu simu, na mitandao mingi mikubwa haiwaruhusu walio chini ya miaka 13. Ukurasa waweza kuandikwa kwa kalamu juu ya manila na kubandikwa ukutani: picha iliyonakiliwa, tarehe, maneno yasiyozidi 50, na nafasi chini yake ambapo wenzake wataandika maswali. Ikiwa mwalimu ataamua kuiweka mtandaoni, aiweke mahali panapoonekana na darasa na wazazi tu, bila ya majina kamili wala sura za watoto.

Kundi la wanafunzi wanne lichukue siku moja, si karne nzima. Mathalani siku ya vikaratasi vya Montgomery, au siku ya mgomo wa Farmville. Waandike jumbe saba. Na kabla ya ujumbe wowote kubandikwa, waulizwe mambo manne: picha hii ilipigwa lini? Nani aliyeipiga au kuihifadhi? Ni chanzo gani kingine kinachosema hivihivi? Na ni nani aweza kuumizwa tukiitoa? Ujumbe usiojibu maswali hayo urudishwe mezani, hata uwe mzuri kiasi gani.

Sisi tuliopita madrasani si wageni wa mwenendo huu. Tulifundishwa tungali wadogo kwamba habari huulizwa isnadi yake: nani kaipokea kwa nani, na je, mpokezi huyo ni mtu wa kuaminika? Kijana aliyezoea kuliuliza hilo chuoni hashindwi kuuliza picha iliyoingia katika simu yake ilitoka wapi.

Mzazi naye ana sehemu yake, na haihitaji ujuzi wa kompyuta. Juma hili, mwanao akikuonyesha picha yoyote ya kale, ya Montgomery au ya Mji wa Kale wa Mombasa, mwombe akutafutie tarehe yake na jina la aliyeipiga. Mpe siku mbili. Akirudi na jibu, keti naye akueleze alivyolipata. Na akirudi bila ya jibu, mkubaliane kwamba picha hiyo haitatumwa kwa mtu mwingine mpaka lipatikane.